Mstari Aliouruka Mwalimu Phares

Mwaka wa themanini na nne, mwaka ule wa kiangazi na unga wa mahindi ya manjano ya msaada, Phares Ouma alikuwa na miaka thelathini na miwili, na katika kanisa lao la Shauri Moyo hapakuwa na mtu aliyehesabiwa kuwa amesoma kumshinda. Barua ya Kiingereza ikifika, Pasta Gichuru hakuwa na haja ya kuhangaika nayo. Aliiinua juu akasema, "Mwalimu, njoo utufasirie," naye Phares akatoka benchi la tatu, akafunga kifungo cha koti, akaenda kusimama kando ya mimbari.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ya pili ya Oktoba. Barua ya siku hiyo ilitoka chuo kikuu kipya cha Kikristo, nje ya mji. Chuo kilikuwa kinaanzisha masomo ya mwaka mmoja ya kuwafunza ualimu watu waliokwisha kupata digrii lakini hawajapata mafunzo ya kazi ya kufundisha. Kila kanisa lilialikwa kupendekeza mtu mmoja. Phares aliipitisha macho haraka, akaanza.

"Wanasema mwombaji awe Mkristo anayejulikana kanisani mwake," alifasiri. "Awe na digrii yenye masomo mawili yanayofundishwa sekondari."

Mstari wa tatu ulisema mwombaji alete cheti chake cha digrii chenyewe, pamoja na nakala iliyopigwa muhuri na wakili. Na aliyesomea nje ya nchi aongeze barua ya Wizara ya Elimu kuthibitisha kwamba digrii yake inatambulika Kenya. Phares aliusoma kwa macho tu. Alisikia mtoto akilia nyuma na mama yake akimbembeleza, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa keshaingia mstari wa nne.

"Awe na barua ya pasta wake," alisema. "Aandike kwa mkono wake ukurasa mmoja wa kueleza imani yake. Ataitwa kwa mahojiano. Fomu zifike kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa, tarehe thelathini Novemba."

Akaikunja barua, akamrudishia Pasta. Watu wakapiga makofi, maana kila mmoja alishajua nafasi ile ni ya nani. Kwenye benchi la wazee wa kanisa, baba yake, Mzee Patrobas Owino, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeomba. Phares alimjua baba yake. Mzee alikuwa anaficha tabasamu.

Phares hakuwa na digrii.

Mzee Patrobas alikuwa fundi wa boila katika karakana ya reli kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu hakurudi kwao Alego. Alibaki Shauri Moyo katika nyumba ya Kaunsili ya Jiji, akawa anafua masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, kwenye kibanda karibu na Gikomba. Ni yeye aliyempeleka Phares India mwaka wa sabini na tano, kwa mshahara wa reli na harambee mbili za kanisa, akasome Historia na Uchumi. Miaka minne baadaye, katika mtihani wa mwisho, Phares alianguka karatasi moja ya Uchumi. Chuo kilimwambia anaweza kuirudia baada ya miezi sita. Aliamua kuandika nyumbani aeleze. Alianza barua hiyo mara tatu na mara tatu akaichana, mwisho akapanda ndege akijiambia kwamba jambo kama hili husemwa ana kwa ana.

Kwenye uwanja wa ndege wa Embakasi aliwakuta watu kumi na wawili wa kanisa, kwaya ikiwemo, na baba yake amevaa suti ya kuazima iliyomzidi mabega. Mzee alimkumbatia, akasema, "Umemaliza." Phares akajibu, "Nimemaliza, Baba," akimaanisha kwamba safari imekwisha. Alipanga kusema kesho yake. Kesho yake wageni walijaa nyumbani. Jumapili ikafika, na Mzee Patrobas akasimama mbele ya kanisa zima kumshukuru Mungu kwa digrii ya mwanawe, ya kwanza katika ukoo wao. Tangu siku ile kumwambia baba ukweli kukawa ni kuliambia kanisa lote, na Phares hakuwa na moyo huo. Walipouliza cheti, alisema kinakuja kwa posta. Baada ya mwaka hakuna aliyeuliza tena.

Alipata kazi katika shule moja ya sekondari ya harambee kule Huruma, madarasa ya mabati yaliyobanana na magorofa. Mwalimu mkuu alikuwa na madarasa manne na walimu watatu. Alimsikia Phares akizungumza Kiingereza dakika tano, akampa chaki. Cheti hakukiomba. Wanafunzi walimpa jina la Digrii. Akionekana kwa mbali asubuhi utasikia wakionyana, "Wasee, Digrii anakam," na kelele zinakufa. Alifundisha vizuri, hilo hakuna anayeweza kumnyima. Lakini kila alipolisikia lile jina, masikio yalimwaka moto, na miaka mitano haikumzoesha.

Kulikuwa na mwalimu mwingine pale shuleni, Teresiah Wangeci, msichana wa Nyeri wa miaka ishirini na sita. Huyu alikuwa na digrii ya kweli kutoka Nairobi, Historia na Dini, lakini hakuwa amefunzwa ualimu na serikali haikuwa imemwajiri. Alikaa kwa shangazi yake Shauri Moyo, akasali kanisa lile lile, na kila asubuhi yeye na Phares walitembea pamoja kupitia Pumwani na Eastleigh mpaka Huruma. Teresiah alipenda kumuuliza mambo ya darasani. Alimwita Mwalimu, kwa heshima yote, na alipokuwa na shaka juu ya jibu lake mwenyewe alikubali la Phares.

Wazee wa kanisa walikutana siku ya Jumatatu, na mazungumzo hayakuchukua muda. Jumatano Pasta Gichuru akamwita Phares ofisini, chumba kidogo nyuma ya kanisa, akamkabidhi fomu.

"Kuna jambo moja nataka tuulizane," Pasta alisema. "Nilikuwa nimemfikiria pia Teresiah. Nafasi ni moja, nawe umetangulia, lakini sitaki kumkosea. Unafanya naye kazi. Unamwonaje?"

Angeweza kusema neno moja tu: mpeni. Hata asingelazimika kueleza. Angeonekana mtu wa moyo mkubwa, akatoka na siri yake nzima. Hilo alilifikiria baadaye mara nyingi. Wakati ule aliwaza jambo moja tu, kwamba akikataa ataulizwa kwa nini.

"Ni mwalimu mzuri, Pasta," alisema. "Lakini bado mchanga. Akingoja mwaka hivi atakuwa amekomaa."

Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka tulivu.

Kesho yake njiani Teresiah alimpa mkono. "Hongera, Mwalimu. Ni haki yako. Mimi nitangoja nafasi nyingine."

"Itakuja," Phares alisema. Wakatembea.

Fomu ilikaa ndani ya Biblia yake wiki tatu. Alijaza jina, kanisa, masomo, vyote kwa penseli. Penye mwaka wa kupata digrii na namba ya cheti aliacha wazi. Mzee Patrobas, aliyeishi nyumba moja na Phares na familia yake, alikuwa akiuliza kila akirudi kutoka kibandani, "Fomu imefika wapi?" naye Phares akajibu kuwa inaendelea. Mkewe, Roseline, alianza kupanga watakavyoishi mwaka ule Phares akiwa chuoni: Kezia, mtoto wao, ataanza nasari, naye Roseline ataongeza siku za kushona. Phares alisikiliza mipango hiyo kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Katikati ya Novemba alipata wazo. Alikuwa amesikia kwamba mtu aliyepoteza cheti anaweza kuapa mbele ya wakili, akapewa karatasi yenye muhuri. Roseline alimpigia pasi shati jeupe, akiamini anakwenda kupigisha nakala muhuri. Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, mjini, na mtu wa kwanza kumhudumia alikuwa karani wa makamo aitwaye Nthambi, mwenye taipureta na Biblia ndogo nyeusi mezani.

"Kilipotea lini?" Nthambi aliuliza, vidole vikingoja.

"Mwaka wa themanini na moja. Tulikuwa tunahama nyumba."

"Uliripoti polisi?"

"Sikuripoti."

"Haidhuru, utaripoti leo. Chuo gani?" Phares alitaja. Taipureta ikalia. "Ulipewa mwaka gani?"

"Sabini na tisa."

"Namba ya cheti?"

Phares aliitazama taipureta.

"Kila cheti kina namba," karani alimweleza kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Kama huikumbuki, waandikie chuo wakutumie. Bila hiyo wakili hataweka saini. Weka mkono hapa kwanza tumalize hii sehemu ya kiapo, hiyo namba utaileta."

Alimsogezea ile Biblia, na Phares akaiwekea mkono. Aliuona mkono wake mwenyewe juu ya jalada jeusi, na chaki kidogo chini ya kucha. Kisha akasema ataiandikia India kwanza, akashuka ngazi.

Njiani kurudi alijaribu kujipa moyo kwamba dhamiri ilikuwa imemzuia. Hakuweza. Alijua vizuri sana kwamba kama angekuwa na namba yoyote ya kutaja, angeapa. Aliketi kwenye ukuta mfupi karibu na nyumba za reli za Muthurwa, ndani ya shati lile jeupe, akaona haya kwa namna ambayo hajawahi kuiona, maana safari hii hakukuwa na mtu wa kumtazama ila yeye mwenyewe.

Jumanne ya wiki ya mwisho, tarehe ishirini na saba, mitihani ya kidato cha nne ilikuwa inamalizika na shule ilikuwa karibu tupu. Teresiah alimkuta kwenye chumba cha walimu akipanga madaftari. Alikuwa na bahasha ya rangi ya kaki.

"Mwalimu, kuna kitu nimekuletea," alisema. "Ile barua ya chuo Pasta aliibandika kwenye ubao wa kanisa, nami Jumapili niliisoma. Siku ile ulipofasiri uliruka mstari wa tatu. Nafikiri ulipitiwa."

Phares aliendelea kupanga madaftari.

"Wanataka barua ya Wizara kwa waliosomea nje. Nikaona usije ukakwama dakika ya mwisho." Akafungua bahasha. "Jana nilikuwa sina zamu, nikaenda Jogoo House, kwenye ofisi za Wizara. Foleni ilikuwa ndefu lakini nikapata hii fomu. Yule bwana wa dirishani nimemweleza habari zako, amesema ukimpelekea cheti kesho asubuhi atajitahidi uipate Alhamisi. Ijumaa unaipeleka chuoni."

Alikuwa amesimama siku nzima kwenye foleni kwa ajili yake. Phares aliitazama ile fomu. Kwenye kona Teresiah alikuwa amekwisha kumwandikia jina, kwa mwandiko wake safi wa mviringo, Bw. P. Ouma, B.A.

"Sina," alisema.

"Huna nini?"

"Cheti. Sina cheti, Teresiah. Sikupata digrii. Nilianguka karatasi moja, nikarudi, na sikumwambia mtu. Mstari ule sikupitiwa. Niliuruka."

Teresiah alikaa kwenye kiti cha karibu. Kwa muda alikuwa akiikunja na kuikunjua ile bahasha tupu. Nje wanafunzi wawili walipita wakicheka.

"Na Pasta?" aliuliza mwisho. "Ulimwambia mimi ni mchanga."

Phares aliinua kichwa.

"Aliniambia," Teresiah alisema. "Hakuniambia kwa ubaya. Alisema wewe ndiwe unayenijua kazini, na umeona ningoje kidogo. Mimi nikaamini. Tangu siku ile nimekuwa nikijitazama nikifundisha, najiuliza ni wapi pana uchanga, nirekebishe."

Sauti yake haikupanda. Phares angeona nafuu kama ingepanda.

"Hapakuwa na uchanga," alisema. "Ilikuwa ni uongo. Niliogopa."

"Leo ni Jumanne," Teresiah alisema, akainuka. "Fomu inafungwa Ijumaa. Mimi siwezi kwenda kwa Pasta kumwambia jambo hili. Ukitaka aambiwe, ni wewe wa kumwambia." Akachukua mkoba wake. Siku hiyo alitembea kurudi Shauri Moyo peke yake.

Phares aliondoka nusu saa baadaye, akaenda moja kwa moja mpaka kanisani. Pasta Gichuru alikuwa anahesabu vitabu vya nyimbo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, amesimama, kitabu kimoja mkononi.

"Baba yako anajua?" aliuliza.

"Hajui."

"Mkeo?"

"Hajui."

Pasta alikiweka kile kitabu juu ya vingine. "Barua ya Teresiah nitaiandika leo, aipeleke mwenyewe kesho. Wazee nitawaona. Wewe hutasimama mbele tena mpaka nitakapokuita." Akachukua kitabu kingine. "Habari ya baba yako siwezi kukusaidia, Phares. Hiyo utaibeba wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitano kumwita kwa jina lake tupu.

Roseline aliambiwa jikoni, akiwa anasonga ugali wa ule unga wa manjano. Hakuacha kusonga. Alipoipua, akafunika sufuria kwa sahani, ndipo alipogeuka.

"Nimekupigia shati pasi," alisema. "Ulikuwa unakwenda wapi siku ile?"

Akamweleza habari ya kiapo. Hapo ndipo Roseline alipokaa chini, akashika kichwa. Digrii haikumliza, alisema baadaye; watu wengi hawana digrii. Lile shati ndilo lililomuuma, kwamba alilipiga pasi akiimba.

"Nani mwingine anajua?"

"Teresiah na Pasta."

"Kwa hiyo mimi ni wa tatu, Baba Kezia. Nimelala nawe miaka minne, nami ni wa tatu."



Asubuhi Phares alikwenda kibandani kwa baba yake. Sehemu ile nyundo hazinyamazi; kila kibanda kinagonga bati, na mtu akitaka kusikika lazima ainame. Mzee Patrobas alikuwa anakunja ukingo wa sanduku. Alipoona Phares amekuja saa za shule, aliweka nyundo chini.

"Baba, sikumaliza India," Phares alisema karibu na sikio lake, na ilimbidi aseme mara mbili kwa sababu ya kelele. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko ya kwanza. Kisha akaeleza yote mengine: ile karatasi ya Uchumi, uwanja wa ndege, posta, barua ya chuo, Teresiah. Kiapo pia.

Mzee alifuta mikono kwenye aproni yake, kidole kimoja kimoja.

"Karatasi moja?"

"Moja."

"Ungesema, ungerudia." Alisema hivyo kama mtu anayejisemea. Halafu akamtazama mwanawe. "Miaka hii yote, nikiwataja watu digrii yako mbele yako, ulikuwa unatazama chini. Nakumbuka. Nilikuwa nawaambia wenzangu, mwoneni huyu, amesoma na hajivuni. Nilidhani ni unyenyekevu."

Akaokota nyundo yake. Hakuigonga. Aliishika tu, na Phares akasimama pale mpaka baba yake aliposema, "Nenda kazini."

Jumapili ya tarehe mbili Desemba, Phares, Roseline na mtoto walikaa benchi la nyuma kabisa. Habari zilikuwa zimekwisha kusambaa; alijua kwa jinsi watu walivyomsalimu haraka kuliko kawaida. Wakati wa matangazo Pasta alisema kanisa limempendekeza Teresiah Wangeci, na fomu yake imefika salama. Watu wakapiga makofi ya uangalifu. Kisha Mzee Patrobas akainuka kutoka benchi la wazee, hakungoja kuitwa, akaja mbele.

"Mwaka wa sabini na tisa," alisema, "nilisimama hapa hapa nikamshukuru Mungu kwa digrii ya mwanangu, nanyi mkaitikia amina. Digrii hiyo haikuwepo. Mimi sikujua, lakini maneno yalitoka kinywani mwangu, na mlichanga harambee mkiniamini mimi. Nawaomba msamaha. Na ninaomba nipumzike kazi ya uzee wa kanisa."

"Mzee Patrobas," Pasta alisema taratibu, "kosa si lako."

"Nimesikia, Pasta," Mzee alijibu. "Lakini nitapumzika."

Phares alitaka kusimama. Alijua kwamba hapo ndipo mahali pake, kando ya yule mzee wa miaka sitini na mitatu aliyekuwa akisema mambo ambayo si yake. Pasta alikuwa amemkataza kusimama mbele, na sasa akajificha nyuma ya katazo hilo kama alivyokuwa akijificha nyuma ya mambo mengine. Alikaa, macho kwenye viatu vyake. Baba yake alishuka katikati ya kanisa, akapita benchi la wazee, akapita yote, akaja kukaa karibu na Kezia. Kezia akamsogelea babu yake. Ibada ikaendelea.

Shuleni Huruma mambo yalikwenda tofauti na alivyotarajia. Mwalimu mkuu alimsikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Mimi sikukuuliza, nawe hukuniambia. Fundisha mpaka muhula wa kwanza uishe, nitafute mtu." Wanafunzi walijua kabla ya Krismasi. Jina la Digrii halikufutika; ilikuwa tu kwamba sasa walilitamka wakitazamana. Phares aliingia darasani kila siku mpaka mwisho wa muhula, akafundisha historia, mgongo ukimwasha kila alipogeukia ubao.

Teresiah aliitwa kwa mahojiano, akapita, akaingia chuo kikuu. Kabla ya kuondoka alikuja kuaga nyumbani. Alizungumza na Roseline, akamsalimu Mzee Patrobas kwa mikono miwili, na Phares akamwambia kwa heri, naye akajibu kwa heri, Mwalimu. Phares alitafuta kejeli ndani ya lile neno, asiione. Hiyo haikumfariji.

Ni Roseline aliyemletea gazeti lenye tangazo la vyuo vya ualimu wa shule za msingi. Walitaka cheti cha kidato cha nne, barua ya mwenendo, na umri usiozidi miaka thelathini na mitano. Alisoma mistari yote, akairudia kwa sauti mbele ya mkewe, moja baada ya nyingine. Barua ya mwenendo ilibidi iandikwe na Pasta Gichuru. Pasta aliandika kwamba anamfahamu mwombaji kwa miaka kumi na tano, kwamba alidanganya kanisa kwa miaka mitano na akakiri mwenyewe, na kwamba ni mwalimu mzuri. Akampa bahasha wazi ili aisome kwanza. Phares aliisoma, akaibeba, akaipeleka.

Kwenye mahojiano bwana mmoja aliyevaa tai ya kijani aliisoma barua ile mara mbili, akamsogezea mwenzake. Wakamuuliza kama ni kweli, naye akasema ni kweli. Wakamuuliza jinsi ya kumfunza mtoto wa miaka minane kugawanya, akawaeleza. Baada ya wiki sita barua ikaja. Miaka miwili alilala kwenye bweni na vijana waliokuwa watoto wa darasa la kwanza yeye akiwa sekondari. Walimwita Mzee. Alipomaliza alipata cheti cha P1, cha ualimu wa shule za msingi, akapangiwa shule moja ya msingi ya Kaunsili huko huko Eastlands, upande wao wa mji, darasa la nne.

Pasta alikuwa amemwita tena mbele ya kanisa likizo moja, akasema amerudishwa katika ushirika. Mzee Patrobas aliombwa mara mbili arudi kwenye benchi la wazee, mara zote mbili akashukuru na kukataa. Nyumbani hakuwahi kulitaja lile jambo. Alimuuliza Phares habari za darasa lake, watoto ni wangapi, madawati yanatosha, na Phares akajibu kwa ukamilifu, hata mambo madogo, hata siku alizokosea.

Mwaka wa themanini na nane macho ya Mzee yalianza kumsumbua, akaamua kwenda Alego kupumzika. Phares alimsindikiza mpaka stesheni kupanda treni ya jioni ya Kisumu. Pale jukwaani wakakutana na mkaguzi wa tikiti mmoja, mtu wa kitambo, aliyewahi kufanya kazi karakana moja na Mzee. Wakashikana mikono muda mrefu.

"Na huyu," mkaguzi aliuliza, "ndiye yule wako aliyesoma India?"

Phares alisikia masikio yakimwaka moto kama zamani. Alitaka kujibu mwenyewe, lakini baba yake alimtangulia.

"Ndiye," Mzee Patrobas alisema. "Alikwenda, hakumaliza. Sasa ni mwalimu wa darasa la nne."

"Kazi nzuri," mkaguzi alisema, akatoboa tikiti.

Phares alisema asante. Akaliinua sanduku la baba yake, akapanda nalo behewani, akalisukuma chini ya kiti na kukaza kamba yake, kisha akakaa naye pale kwenye kiti mpaka walipotangaza kwamba wasiosafiri washuke.